Gemu ikikwama chaja ikichomolewa, kadi haijafa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tupinge ushauri uliozagaa miongoni mwa vijana wanaocheza gemu kwenye kompyuta mpakato, na ambao baadhi ya mafundi wenzetu nao wanautoa madukani. Unasema hivi: gemu ikianza kukwama pindi tu chaja inapochomolewa, ingia Device Manager, izime grafiki ya Intel, na kompyuta itashika kadi ya NVIDIA, ile kadi ya pili yenye nguvu ya kuchora picha za gemu, itake isitake. Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Humwambia mteja kadi imekufa, wakaipiga blowa ya hewa ya moto na kumtoza pesa kwa ugonjwa ambao haukuwapo.

Kompyuta nyingi zenye kadi ya NVIDIA zilizotoka tangu mwaka 2010, kampuni hiyo ilipoleta mfumo wa Optimus, hazina njia inayotoka kwenye kadi moja kwa moja hadi kwenye skrini. Skrini imeungwa kwenye grafiki iliyomo ndani ya prosesa, iwe ya Intel au ya AMD. Ukifungua gemu, kadi inaamka, inachora fremu (picha moja moja zinazofuatana kwenye skrini), inaipitisha kwenye PCIe, njia ya data kati ya kadi na prosesa, hadi kwenye RAM, na grafiki ya prosesa ndiyo inayoionyesha. Ukiizima hiyo grafiki ya prosesa umekata daraja la pekee lililokuwapo. Windows inarukia draiva (programu inayoendesha kifaa) yake ya dharura, Microsoft Basic Display Adapter. Mwangaza wa skrini unagoma kuongezwa wala kupunguzwa, na gemu ama inakataa kufunguka ama inatambaa kwa fremu chache mno kwa sababu prosesa tupu imebebeshwa kazi ya kuchora. Aliyekwisha kufanya hivyo arudi Device Manager, afungue Display adapters, abofye kulia kwenye jina la Intel, achague Enable device, kisha azime na kuwasha upya.

Zipo kompyuta zenye swichi ya kweli ya kuhamisha skrini, ile inayoitwa MUX. ThinkPad W520 na W530, ambazo bado zinaonekana kwenye maduka ya mitumba, zina machaguo matatu ndani ya BIOS, programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows: Integrated Graphics, Discrete Graphics na NVIDIA Optimus. Ukichagua la kwanza, kadi inazimwa kabisa na betri inadumu, ila tundu za nje za picha katika mashine hizo zimeungwa kwenye NVIDIA, kwa hiyo projekta haitaonyesha kitu. (Tumeshaona kompyuta nzima ikihukumiwa ubovu kwa sababu hiyo tu.) Ukichagua la pili, kadi hailali kamwe na betri inakwisha haraka hata ukiwa unaandika barua. Mwaka 2020 NVIDIA ilileta Advanced Optimus, ambayo huhamisha skrini yenyewe bila kuwasha upya. Faida ya MUX inaonekana zaidi chaja ikiwa imechomekwa, fremu zikiwa nyingi na safari ile ya PCIe ikiwa mzigo. Kwenye betri, kinachobana ni kitu kingine kabisa.

Kinachobana ni wati. Chukua kompyuta ya kawaida ya gemu: prosesa inaweza kula wati 45, kadi wati 90, na skrini, feni, RAM na diski kwa pamoja wati 15 hivi. Jumla ni 150. Betri yake ni ya wati-saa 57, yaani volti 15.2 kwa ampea-saa 3.75. Ili itoe wati 150 ingebidi ipitishe karibu ampea 10, mara mbili na nusu na zaidi ya ujazo wake kwa saa, na ingekauka ndani ya dakika 23. Seli za kompyuta mpakato zimeundwa zishike nishati nyingi ndani ya umbo jembamba. Hazikuundwa kuimwaga kwa kasi kama seli za drili ya betri. Zikilazimishwa zinapata joto, volti inaporomoka, na saketi ya ulinzi ndani ya betri inakata umeme. Ndiyo maana mtengenezaji ameweka kikomo ndani ya mashine: chaja ikitoka, prosesa na kadi zinaambiwa zigawane mfuko mdogo. Kadi ya wati 90 mara nyingi hujikuta na 30 au 40. Kuongeza betri kubwa nako kuna mpaka, maana mashirika ya ndege huruhusu abiria betri zisizozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali, na ndiyo sababu hata kompyuta kubwa kabisa zinaishia 99 na kitu.

Kwa hiyo fremu kupungua kwenye betri si ubovu. Lakini kuna kupungua kwa namna tatu, na fundi anayejua kazi yake huzitofautisha kabla hajashika bisibisi.

Ya kwanza ni fremu kuganda kwenye 30 kwa sekunde barabara. Ukishusha ubora wa picha, 30. Ukipunguza ukubwa wa picha, 30. Hapo hakuna udhaifu wowote, kuna kufuli. NVIDIA iliingiza Battery Boost mwaka 2014 pamoja na kadi za GTX 800M, na kazi yake ni kuweka kikomo cha fremu ukiwa kwenye betri, kwa kawaida 30. Ifuate ndani ya NVIDIA App, au GeForce Experience kwa wenye draiva za zamani, uizime au upandishe kikomo. Kama haimo, tazama V-Sync ndani ya gemu, chaguo linalolinganisha fremu na kasi ya skrini, kwa sababu skrini ya 60 Hz (inayojichora mara 60 kwa sekunde) yenye kadi inayoshindwa kufikisha 60 huweza kuangukia 30 vilevile.

Ya pili ni fremu kupanda na kushuka, mara 25, mara 45, na zinaitikia ukishusha ubora. Hicho ni kikomo cha wati tulichokieleza. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, huku gemu ikiendelea, andika nvidia-smi -q -d PERFORMANCE, utafute mstari wa SW Power Cap. Ukisema Active, kadi inataka kwenda kasi zaidi na imenyimwa umeme. Haina dosari.

Ya tatu ndiyo inayodanganya watu wengi. Fremu ziko 12 au 15, feni imetulia, kompyuta haina hata joto. Kadi imelala na gemu inaendeshwa na grafiki ya prosesa. Fungua Task Manager, kwenye Processes bofya kulia juu ya vichwa vya safu, ongeza GPU engine (GPU ni kichora picha, iwe kadi au grafiki ya prosesa). Gemu ikisoma GPU 0 wakati kadi ya NVIDIA ni GPU 1, umepata jibu. Namba hizo si lazima zifanane kwa kila mashine, kwa hiyo kwanza angalia kwenye Performance ipi ni ipi.

Dawa ya hii ya tatu iko kwenye Windows yenyewe tangu toleo la 1803 la mwaka 2018. Nenda Settings, System, Display, Graphics. Ongeza gemu yako, fungua Options, chagua High performance. Chaguo hili lina kauli juu ya lile lililomo kwenye NVIDIA Control Panel, hivyo anayehangaika na paneli ya NVIDIA huku Windows ikisema Power saving anapoteza muda. Na kosa linalorudiwa kila siku ni kuongeza faili lisilo lenyewe. Gemu nyingi hufunguliwa na programu ya kwanza yenye vitufe vya kuingia na kusasisha, kisha hiyo ndiyo inayoita gemu yenyewe. Ukiipa kadi ile programu ya kwanza, gemu haipati kitu. Minecraft ya Java ni mfano mzuri: faili linalotakiwa ni javaw.exe lililomo ndani ya folda la runtime la gemu hiyo, wala si lile unalobofya kwenye desktop. Njia rahisi ya kulipata ni kuiacha gemu ikiendelea, kuitafuta kwenye Task Manager, kubofya kulia na kuchagua Open file location.

Wanaotumia Linux wana shida hiyohiyo kwa sura nyingine. Draiva ya NVIDIA ikiwa imekaa sawa, gemu huanzishwa kwa prime-run mbele ya jina lake; kwa kadi za AMD na draiva huria, DRI_PRIME=1 inatosha.

Sasa, mtu aliyeelewa kwamba mfuko wa wati ni mdogo afanye nini ili acheze vizuri bila umeme wa ukutani? Aanze na prosesa. Watu wengi hugusa ubora wa picha tu na kusahau kwamba prosesa na kadi zinakula sahani moja, na prosesa ya kisasa ikiachiwa turbo, yaani kupandisha kasi kupita ile ya kawaida, hunyakua wati nyingi kwa mishtuko mifupi, kadi ikabaki na makombo. Ndiyo ile hali ya gemu kwenda vizuri kisha kugugumia kila baada ya sekunde chache. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99, kisha powercfg /setactive scheme_current. Asilimia 99 inaizima turbo kwenye prosesa nyingi za Intel, na herufi dc katika amri hiyo zina maana ya betri peke yake, hivyo chaja ikirudi turbo inarudi. Kasi ya juu ya prosesa itapungua, lakini kwa gemu ambazo mzigo wake uko kwenye kadi, fremu zinatulia na wakati mwingine zinaongezeka.

Kisha weka kikomo cha fremu unachoweza kukishika muda wote, 40 au 45, badala ya kuiacha kadi ikimbilie 70 na kuanguka 28. Skrini ya 144 Hz ishushe hadi 60. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2.07, ya 1600 kwa 900 ina milioni 1.44, karibu theluthi pungufu, na kwenye skrini ya inchi 15 tofauti inavumilika kuliko kukwama. Vivuli ndivyo vya kupunguza kwanza. Ubora wa maumbo ya juu, yale yanayoitwa texture, unaweza kuachwa kama kumbukumbu ya kadi inatosha, kwa sababu gharama yake zaidi ni nafasi kuliko wati.

Kwa gemu nyepesi tunashauri kinyume na wengi: iacheni kadi ilale, chezeni kwa grafiki ya prosesa, hasa kwa AMD na kwa Intel za miaka ya karibuni. Sharti ni RAM mbili. Grafiki ya prosesa haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta, na kijiti kimoja cha DDR4-3200 kinatoa GB 25.6 kwa sekunde wakati viwili vinatoa 51.2. Kompyuta nyingi zinauzwa na kijiti kimoja cha GB 8 na tundu la pili tupu. Kuongeza kijiti cha pili ni kazi ya dakika 10 na kunabadilisha hali kuliko draiva yoyote utakayoipakua.

Kuna na wale ambao betri inakwisha hata bila gemu. Mara nyingi kadi imeamshwa na kitu kisichohusika: kivinjari, picha zinazocheza nyuma ya desktop, programu ya kurekodi skrini, au kebo ya HDMI iliyochomekwa kwenye tundu lililoungwa na kadi. Kadi iliyo macho bila kazi inaweza kula wati 5 hadi 15, na kwa kompyuta ambayo ingetumia wati 10 kwa jumla hiyo ni kuanzia theluthi hadi zaidi ya nusu ya muda wako. Kwenye NVIDIA Control Panel, chini ya Desktop, washa alama ya GPU Activity; itakuonyesha nani ameiamsha. Msitumie nvidia-smi kwa kazi hii, maana yenyewe ikiendeshwa huiamsha kadi.

Kompyuta inayozima ghafla ikiwa na asilimia 30 katikati ya gemu, hilo ni jambo la betri. Betri iliyochakaa ina ukinzani mkubwa ndani. Ukiandika inatosha, ukiipa gemu volti inaanguka chini ya mpaka na saketi inakata huku kipimo cha asilimia kikiwa bado hakina habari. Andika powercfg /batteryreport, fungua faili litakalotajwa, ulinganishe DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ikiwa 57,000 na ya pili 31,000, usihangaike na kadi.

Halafu chaja. Hapa ndipo wateja wetu wanapoumia zaidi, kwa sababu kompyuta imechomekwa, taa inawaka, na bado gemu inakwenda kama iko kwenye betri. Soma maandishi yaliyo kwenye chaja, upande wa OUTPUT, uzidishe volti kwa ampea: 19.5 kwa 4.62 ni wati 90, 19.5 kwa 6.67 ni 130, 19.5 kwa 9.23 ni 180. Kompyuta iliyokuja na 180 ukiipa 90 itajibana, na wakati mwingine betri itapungua taratibu huku imechomekwa. Chaja za USB-C za wati 65 ziko katika kundi hilo. Kwa Dell kuna la ziada: pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja hubeba utambulisho. Pini ikipinda, au chaja ikiwa ya bandia isiyo na chipu ya utambulisho, BIOS inasema aina ya adapta haijulikani, betri haichaji, na prosesa inafungwa kwenye kasi ya chini, wakati mwingine 0.8 GHz. Suluhisho ni chaja sahihi au tundu jipya la chaja. Wapo wanaotumia programu kuuzima ulinzi wa BD PROCHOT, ule unaoishusha kasi ya prosesa, ili kasi irudi. Kasi inarudi kweli, na chaja dhaifu inaanza kubeba mzigo isioumudu. Tumepokea zilizoyeyuka kichwa.

Kwa wanaocheza umeme ukikatika kwa kutumia inveta na betri ya gari au ya sola, hesabu ni hii: kompyuta inayovuta wati 150, inveta ikipoteza kama asilimia 15, inahitaji karibu wati 176 kutoka kwenye betri. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo ina wati-saa 600 za kutumia, yaani saa 3 na dakika kadhaa ikiwa mpya. Inveta iandikwe wati 300 au zaidi za kuendelea. Zile zinazoandika 300 kwa maana ya kilele cha sekunde chache zitalia na kuzima.

La mwisho ni kwa wauzaji, na kwako Mhariri kwa kuwa matangazo yao hupita kwenye gazeti lako. Kuandika "RTX 4060, GB 8" hakumwambii mnunuzi chochote cha kutosha. NVIDIA yenyewe inaonyesha kwamba kadi ya jina hilo kwa kompyuta mpakato hutengenezewa kati ya wati 35 na 115, kwa uamuzi wa mtengenezaji wa kompyuta. RTX 3050 ni 35 hadi 80. Mbili zenye jina moja na bei zinazokaribiana zinaweza kutofautiana kama ndugu wasiojuana. Tunaomba kila tangazo litaje vitu vinne: wati za juu za kadi, kama kuna MUX au hakuna, wati-saa za betri pamoja na zilizobaki kama ni mtumba, na wati za chaja inayotoka na mashine. Kazi hiyo haimzidi muuzaji dakika 5: za kadi, kwa mashine za miaka ya karibuni, zinasomeka kwenye NVIDIA Control Panel, System Information, mstari wa Maximum Graphics Power, za betri ziko kwenye ripoti tuliyoitaja, za chaja zimechapwa kwenye chaja yenyewe. Muuzaji akikataa kuifungua hiyo kurasa mbele ya mteja, mteja aende duka la pili.

Mafundi wa kompyuta mpakato,
Kariakoo, Dar es Salaam